Matarumbeta Mlangoni kwa Mkatoliki Mpya

Temeke, Jumapili ya Pasaka, 1954

Mvua imepiga mpaka alfajiri, halafu ikakata ghafla kama imeambiwa basi. Saa hizi ni mchana. Nimeshiba wali, midomo imevimba, na nina nundu kwenye paji la uso. Nina furaha mpaka kukaa siwezi! Naandika nimesimama, shajara nimeiweka juu ya kiti cha baiskeli ya mteja, niliyoletewa nitengeneze.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikaruka kitu.

Jana nimekuwa Mkatoliki. Nimezaliwa Mlutheri, marehemu baba alikuwa Mlutheri kule Upare, na mama ni Mlutheri mpaka kesho. Mtaani wanasema nimehama kwa ajili ya Agnesi, binti wa Katekista Petri, nyumba ya pili kutoka kwetu. Wanasema kweli. Ila si kweli yote. Nilianza kwenda kwenye mafundisho kwa Mzee Petri ili nimwone binti, nikashangaa nawahi kwa sababu ya maswali. Mie ndivyo nilivyo, kitu chenye maswali hakiniachi nilale. Hata noti za muziki nilijifundisha mwenyewe, kwenye kijitabu kilichokosa jalada.

Kilichoniuma ni tarumbeta.

Ni mali ya usharika, si yangu. Siku niliyomwambia Mwalimu Elisa, mkuu wa bendi yetu, kwamba nahama, alinyoosha mkono tu. Nikampa. Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo anaangalia mbele kama anasubiri basi. Mtu aliyenishikisha tarumbeta mara ya kwanza! Afadhali angenizaba kofi.

Na Pasaka ndiyo siku ya bendi. Kabla ya jua kutoka wanazunguka nyumba za Walutheri, moja moja, wanasimama mlangoni, wanapiga wimbo wa ufufuko. Mwenye nyumba anatoka na taa, wanasalimiana, wanasonga mbele. Kwa Wakatoliki wanapitaga kimya. Si ugomvi, ni mazoea tu. Mie mwenyewe nimeshapita mlango wa Mzee Petri, tarumbeta kwapani, wala sikufikiri chochote.

Sasa chumba chetu ni cha nani? Mama Mlutheri, mtoto Mkatoliki, kitanda hiki na kitanda kile. Usiku kucha nilijiambia, wakipita bila kusimama, basi mie si mtu wao tena, yameisha.

Alfajiri mama alikuwa ameshajifunga kanga mpya, taa inawaka.

"Watakuja," akasema.

"Hawaji, mama. Mwalimu hataki hata kuniona."

"Kwani wanakuja kwako?"

Nikawasikia kwa mbali, nikamjua kila mmoja kwa mpulizo wake. Tarumbeta yangu anayo Zakaria, mpishi wa Wazungu. Mtu mwema, lakini anapuliza kama anawasha mkaa. Kisha kimya. Nyayo kwenye matope. Zikakaribia, zikafika mlangoni.

Zikapita.

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Mama ndiye aliyesema. Alifungua mlango, akainua taa, akapaza sauti:

"Elisa wee! Nani kakwambia mie nimekufa?"

Nyayo zikasimama.

"Tulidhani, dada..."

"Mlidhani nini? Kahama huyu. Mie nimehama?"

Wakarudi, wazee wazima, kama mbuzi waliokutwa shambani. Mie nimejibana nyuma ya mama. Nikasema shikamoo Mwalimu. Akaniangalia, akamwangalia mama, akaona mama naye anamwangalia.

"Marahaba," akasema kwa shida, kama anatoa mwiba wa samaki kooni. "Tumekuja kwa mama yako."

"Najua, Mwalimu."

Wakaanza. Pale wimbo unapopanda, Zakaria akakwama. Wakarudia, akakwama tena. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwana, Mzaramo wa hapahapa, akafungua dirisha:

"Jamani! Muadhini hata hajakohoa, nyie mshatuamsha, na wimbo wenyewe haufiki!"

Watu wakacheka, na Zakaria naye. Mwalimu Elisa hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vyangu. Kumbe nilikuwa napiga noti zote juu ya bega la mama!

"Unanifinya, mwanangu," mama akasema.

"Zakaria," akasema Mwalimu. "Mpe."

Ee Mungu wangu. Nilipuliza kama nimefungiwa mwaka mzima. Ile sehemu inayopanda ikapanda, ikakaa juu, tukashuka nayo pamoja. Tulipomaliza nilikuwa nimejaa furaha pomoni. Na hapo ndipo mkono wangu, uliofundishwa miezi yote ile, ukafanya kazi yake wenyewe.

Nikafanya ishara ya msalaba. Mbele ya bendi nzima ya Walutheri. Tarumbeta mkononi.

Nilijigonga paji la uso na tarumbeta, ikalia kama kengele!

Zakaria ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. Mwalimu Elisa aligeukia ukutani, lakini mabega yalimsaliti.

Halafu nikasikia kikohozi nyuma yetu. Mzee Petri kasimama kwenye matope, koti juu ya msuli. Ni yeye aliyenifundisha kwamba tusishiriki ibada za madhehebu mengine, na ni yeye baba wa Agnesi. Ukatoliki wangu haujamaliza hata siku moja!

"Nilikufundisha kwa mkono," akaniambia. "Chuma umekitoa wapi?"

Akamgeukia Mwalimu Elisa. "Na wewe jirani. Kila Pasaka unaniamsha, halafu unakwenda kupiga kwa wengine. Kwangu Bwana hakufufuka?"

"Si nyie mmekatazwa kusali na sie?"

"Nani kasema tusali? Nyie pigeni. Mie nasikiliza."

Basi tukaenda, na mie nikiwa katikati yao. Tukapiga mlangoni kwa katekista, beti zote. Agnesi akatoka, akaona nundu yangu, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Mama akaleta chai kwa bendi nzima. Mie na Mzee Petri tukabaki kuitazama tu, maana tunafunga mpaka tukomunike kwenye Misa. Bi Mwana alikunywa vikombe vyetu vyote viwili.

Baada ya Misa, Padre akaniuliza paji limepatwa na nini. Nikamwambia, ishara ya msalaba, Padre. Nikamweleza yote. Akasema tutazungumza, lakini alisema huku anatabasamu.

Tarumbeta nimemrudishia Zakaria. Mwalimu Elisa kaniambia Ijumaa wana mazoezi, na Zakaria anahitaji mtu wa kumwelekeza pale panapopanda. "Sijasema upige," akaongeza.

Harusi ni baada ya mavuno. Ndani ya kanisa bendi haitaingia, hilo najua. Lakini nje, pale kwenye ngazi, mie na Agnesi tukitoka? Kesho nakwenda kwa Mwalimu kabla ya kufungua kazi, nimuulize uso kwa uso. Akikataa je?

Nitamtuma mama.