Bakuli la Mama Limesuguliwa

Jumapili, 2 Machi 2025

Samahani, tangu Krismasi sijaandika hata mstari. Nimechoka tu. Mwanangu Robi anaota meno, Mama anaumwa — usingizi nauokota vipande vipande.

Mama hawezi kulala kwa mkwe wake, si desturi. Tumempangia chumba ng'ambo ya njia, hapa hapa Nyamongo. Mume wangu Mseti humsalimia akiwa nje, uso kaugeuza. Tangu kiharusi Mama hanijui. Ananiita dada. Ila nikiliinua bakuli lake la glasi dirishani, likawaka zambarau, kijani, dhahabu, kama petroli juu ya dimbwi — hapo! "Atieno, usiliangushe." Jina langu! Kila asubuhi nangoja hilo tu.

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa kliniki na Robi, mama mkwe Mokami akaja kumwangalia Mama. Akaona bakuli lina mafuta-mafuta. Kwa heshima ya mkwe mwenzake akalisugua kwa majivu na ndimu, kama sufuria. Akanipa kwa mikono miwili, anacheka: sasa limetakata, mwanangu! Nikasema asante mama.

Rangi zimetoka. Limebaki glasi ya giza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeliinua. Mama kaliangalia sana.

"Dada, hili si langu. Mwambie Atieno alete langu."

Nimetoka nje nikalia.

Ijumaa, 7 Machi

Sirari, kwa Philomena muuza vyombo vya mtumba. Kaligeuza, kalielekeza juani. Anasema hizi ni glasi za zamani, zinaitwa kanivo. Rangi yenyewe utaiona kitakoni: hili ni zambarau. Ule mng'ao ni ngozi ya juu tu, walipulizia dawa glasi ikiwa bado ya moto. Kuliosha ni maji ya vuguvugu na kitambaa laini, basi. Nikauliza mng'ao utarudi?

"We mama Robi! Mbuzi ukishamchuna, unamvalisha tena?"

Nimemkumbuka dada yangu Abonyo, yuko Migori, Kenya. Bibi alinunua mawili, pacha lake analo yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwamkia mama mkwe shikamoo, kisha nikamwambia: vyombo vya Mama nitaosha mwenyewe. Baadaye kaleta uji wa ulezi. Sikumwambia limeharibika. Sitamwambia.

Mama hali. Anauliza Atieno yuko wapi. Nipo hapa, Mama. "Si wewe. Atieno wangu."

Nimemwomba Abonyo bakuli lake. Kapiga: mvua ni mob, kutwa kucha, si ungoje Easter? Hapana! Atume sasa. Nimemwandikia orodha:

Bakuli — kwanza alielekeze kitako juani, apige picha, nione kama nalo ni zambarau. Asilioshe, hata vumbi aliache. Alifunge kwa blanketi, si gazeti.

Kile kitambaa cha Mama cha kichwa, cha bluu.

Nepi za Robi, namba nne.

Na sauti yake, kwa simu, bakuli lisipofika mapema. Aseme polepole: Mama, huyo anayekulisha ndiye Atieno.