Dishi la Watu Wawili

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Barua imekuja kutoka Dar, kwa kampuni inayotuletea intaneti. Juu imeandikwa jina la mume wangu Elius, kama zote. Miezi sita kaburini na bado anaandikiwa. Nimeifungua mimi.

Wanasema kuanzia Oktoba hakuna tena bei moja kwa wote. Anayevuta data nyingi atalipa zaidi. Na dishi letu, wanasema, linavuta kupita kiasi.

Dishi ni la watu wawili – mimi na jirani yangu Halfan, mwenye malori. Liko juu ya paa lake, waya unapita ukutani kuja kwenye chumba changu cha kompyuta. Elius na Halfan walilinunua pamoja, gharama nusu kwa nusu. Hawakuandikiana. Walipeana mikono tu.

Sina wasiwasi. Najua ni nani anavuta.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kwa Halfan na barua. Kaisoma mara mbili, kavua miwani.

"Shemeji, tuendelee nusu kwa nusu. Ndivyo nilivyokubaliana na marehemu."

Nikamwambia hapana. Wateja wangu wanasoma barua na kuandika barua, basi. Yeye anapokea picha za vipuri kutoka Dubai, na karani wake Abdulaziz anatazama magoli ya mpira, nimemwona kwa macho yangu. Elius alinifundisha siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijajua kushika kipanya: maneno mepesi, picha nzito. Anayevuta zaidi alipe zaidi. Lori lako likipita pale mizani halitozwi sawa na baiskeli.

Abdulaziz akacheka. Akasema mama amekuja na mizani yake.

Halfan hakucheka. Akasema mizani inapima mzigo uliopakia mwenyewe. Kwenye intaneti mtu anakupakia mzigo hukuuomba, wewe hata hujui.

Nikaona ni maneno ya mtu anayekwepa. Nimeandika karatasi: tupime wiki moja, atakayezidi alipe kilichozidi. Nimesaini. Naye amesaini, taratibu, kama anayesaini kwa kunionea huruma.

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi amekuja kutoka Njombe, Sila, kijana wa kwetu. "Kamwene, mama." Nilifurahi kusalimiwa hivyo, hapa mjini kila mtu ni habari za saa hizi. Amefunga vihesabio viwili, kimoja kwenye waya wangu, kimoja kwa Halfan. Atarudi Jumatatu.

Aliuliza kompyuta ziko ngapi. Nikasema nne. Ya tano ni ya Elius, haihesabiki, hakuna anayeigusa. Tulipomaliza matanga kaka zake walisema vitu vyake vikae kama alivyoviacha mpaka waje kugawa. Basi imekaa kama alivyoiacha. Inawaka. Umeme ukikatika, ukirudi inajiwasha yenyewe, alivyoipanga. Kioo nimekifunika kile kitambaa cha maua nilichodarizi mwaka tuliooana. Asubuhi nikifungua mlango naisikia inavuma kidogo. Basi najua kumekucha.

Alhamisi, 11 Septemba

Wateja wachache. Baridi na vumbi. Mwanangu Ema ameandika kutoka shuleni Njombe, anauliza kama tutafunga chumba cha kompyuta. Nimemjibu: hatufungi. Mistari mitatu, maneno tu.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Sila amesoma vihesabio. Waya wangu umevuta mara nne ya Halfan. Mara nne. Nikamwambia amebadilisha waya kwa bahati mbaya. Akakagua tena, mbele yangu. Hakubadilisha.

Akazima kompyuta ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Wateja nje wananung'unika. Kihesabio kinaendelea kupanda.

Akageuka kukitazama kile kitambaa.

Nikasema ile haina mtu. Akasema, "Naona, mama. Lakini inafanya kazi."

Kitambaa nimekitoa mwenyewe, sikutaka akiguse yeye. Kioo kilikuwa na programu ya barua pepe ya Elius, wazi. Inapokea barua moja. Sila akanieleza polepole. Barua ni kubwa mno, ina picha nyingi ndani. Laini yetu inakatika kabla haijafika yote, na ikikatika inaanza upya kutoka mwanzo. Tena na tena. Usiku na mchana. Tangu mwezi wa tatu.

Imetoka kwa Yosefu, mdogo wake aliyekuwa akifanya kazi ya reli kule Kapiri Mposhi, ng'ambo ya mpaka. Tarehe ni siku nne kabla Elius hajafariki. Kichwa cha barua: *Picha zako na baba, nimezipata zote.*

Elius hakuwa na picha hata moja na baba yake. Alikuwa akilisema hilo, si kwa kulalamika, kama mtu anavyosema hana mwavuli. Yosefu mwenyewe alizikwa Mei. Nyumba yake imeshapangishwa watu wengine. Hakuna wa kumwandikia atume tena.

Sila alisema anaweza kuifuta, dakika moja tu. Au tutafute siku ambayo laini yote itaachiwa barua hii peke yake, pande zote mbili, kwa saa saba au nane. Mtu mwingine akivuta au kutuma chochote, itakatika.

Nimemwambia asifute.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Halfan, nimemweleza yote, nimesimama. Akauliza, picha za wapi? Nikasema sijui, sijaziona.

Akaitoa ile karatasi, akataka kuichana. Nimeishika. Nilisema anayevuta zaidi alipe zaidi, na bado nasema hivyo. Ni haki. Ila sasa ni mimi. Nitalipa kilichozidi, nitauza kompyuta mbili, zitabaki mbili za wateja na chumba hakitafungwa.

"Una kichwa kigumu kama mwenyewe," akasema. Mwenyewe ni Elius. Kisha: "Jumapili mimi nachomoa waya wangu. Siku nzima. Hiyo haimo kwenye karatasi yako."

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Tumeanza saa mbili. Kompyuta nne zimezimwa, Halfan amechomoa waya wake, amekuja kukaa hapa na birika la chai. Kwenye kioo kuna mstari wa bluu unaojaa polepole. Naandika ili nisiutazame.

Saa nne – robo.

Saa sita – nusu. Sila alisema hapa ndipo ilipokuwa ikifia. Imepita.

Saa saba na nusu. Abdulaziz amekuja anahema. Lori la viazi limezuiwa Tunduma tangu jana, forodha wanataka nakala ya hati ya mzigo. Faksi ya ofisini kwa Halfan mbovu, posta imefungwa. Ofisa amekubali itumwe kwa barua pepe, lakini anatoka saa nane. Dereva ni Luqmani.

Luqmani ndiye aliyempeleka Elius Njombe kuzikwa. Kwenye kona zote aliendesha polepole kama anayebeba mayai. Nilipotaka kumpa cha soda alikataa, akasema bosi hajamtuma na mzigo, amemtuma na rafiki yake.

Halfan amemwambia Abdulaziz aende, asubiri tumalize. Hajaniuliza kitu. Anakunywa chai iliyokwisha kupoa.

Nimeuliza hati ina kurasa ngapi. Mbili, amesema Abdulaziz. Maneno tu? Maneno na muhuri, mama, lazima itumwe kama picha.

Mstari umepita robo tatu. Saa kumi kasoro – nimekosea kuandika. Nane kasorobo.

Nimemwambia Abdulaziz asiondoke. Awashe kompyuta ya kwanza, aweke karatasi kwenye mashine ya skana, aandike anwani. Asibonyeze kwanza; akibonyeza, barua ya Yosefu itakatika.

Ameweka. Ananitazama.