Ndago ya Chemchemini

Kittilä, 9 Agosti

Dada Hilja,

Shikamoo. Kwa heshima zote, na mbele ya shahidi mmoja ambaye ni paka, natangaza kwamba buti la kushoto la marehemu baba limeshonwa. Halivuji tena. Natumaini goti lako limepoa, na mvua ya huko Oulu imewahurumia. Mimi mwili mzima.

Moyo ndio siuwezi. Jumatatu kampuni ya mboji inaanza kuchimba mtaro juu ya kinamasi chetu. Tingatinga limeshaegeshwa penye uzio. Chemchemi itakauka, na ile ndago ndogo, nyasi adimu uliyoigundua ukiwa na miaka tisa, haitaota tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu: ikionekana imesimama, sheria inalirudisha tingatinga kwao.

Jumanne serikali ikamleta Bi Tuulikki, mtaalamu wa mimea, aitafute, akiwa na vibuti vya mpira vyembamba kama soksi. Wajua kwetu mgeni haachwi na miguu baridi. Nikampa buti za baba, nikazijaza nyasi kavu za mwaka huu, nimezisokota kama mama alivyotufundisha. Akacheka, akasema mzee wangu, hiki si kiatu, ni kitanda. Akatambaa kinamasini siku mbili na lenzi yake. Hakuona hata shina. Nikamwambia labda kulungu wamekula. Jirani yetu Arvi, aliyekuja kunywa kahawa, akauliza kinyozi ni nani, mbona kinamasi kimetoka kunyolewa? Nikamwambia anywe, kahawa inapoa.

Dada, kulungu hana kosa. Niliposikia mgeni wa serikali anakuja, niliona haya akute nyasi zimefika kiunoni. Wiki moja kabla nikachukua fyekeo la baba nikasafisha njia mpaka chemchemini, kama tunavyosugua sauna kabla ya wageni, na nyasi nikazianika kambani ziwe za buti. Nilidhani ndago iko ng'ambo ya lile jiwe. Jana, Bi Tuulikki akiwa ameshaondoka, niligeuza nyasi zilizobaki kwenye kamba. Nikayaona mashuke ya ndago yetu, manne manne, madogo kama punje. Nyingine zote nilishazisokota butini. Ameitafuta siku mbili akiwa ameikanyaga.

Nilimpigia simu nikamwambia yote. Akasema pole, mzee wangu, nyasi iliyokatwa yaweza kutoka popote. Inatakiwa iliyosimama, na hiyo ni mpaka kiangazi kijacho. Jumatatu haingoji kiangazi.

Sijui nimwombe nani. Kama goti litakuruhusu, njoo Jumapili, uione chemchemi ingali na maji. Unitukane ukiwa hapa. Kwa simu sitavumilia. Msalimie sana shemeji, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Veikko

Nimesahau: Bi Tuulikki anashukuru kwa buti. Anasema miguu yake haikupata baridi hata kidogo.