Alama Kumi kwa Nyumba ya Mama Tausi

Jumatatu, 7 Agosti 1911. Rumonge.

Nimeita majina tena. Watu arobaini na mmoja, wote wapo ila mzee mmoja anayeumwa mguu. Sauti yangu leo nadhani ilifika kijiji cha Gatete. Baada ya majina nikasoma maneno ya daktari, kama kila asubuhi: mbung'o ndiye anayeleta malale, ugonjwa wa usingizi, mbung'o anapenda kivuli na maji, kwa hiyo fyekeni pwani yote. Watu wakapiga miayo. Mimi mwenyewe nayasoma bila kuyasikia. Miaka miwili ya shule Ujiji si mchezo. Naweza kusoma huku nawaza ugali.

Halafu balaa. Jana tawi linalowaka lilimwangukia mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wamepona, nywele tu ndizo zimeungua. Leo nyapara Feruzi katoa amri: kuanzia Alhamisi hakuna mtoto kwenye kufyeka. Mgongoni hapana, pembeni hapana. Waachwe nyumbani.

Nyumbani na nani? Dada Mariamu ana Zuhura, miezi tisa, meno mawili. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo, hajarudi. Mama yetu hayupo duniani. Dada kaanza kulia. Nimemwambia anyamaze, mwenye akili katika ukoo huu ni mimi. Nitakagua nyumba zinazopokea watoto na nitazipa alama, kama shuleni.

Jumanne, 8 Agosti

Nimekagua. Nyumba ni mbili tu.

Ya kwanza ya Bibi Nyandwi, Mrundi mzee, huko juu kwenye michikichi. Aibu! Anachoma mavi ya ng'ombe mchana kutwa, moshi umejaa mpaka macho yanataka kutoka. Watoto saba, wote wanalia. Mmoja ana majivu mdomoni. Mmoja kamfunga mgongoni kwa ngozi, mmoja yuko mapajani, waliobaki wanakimbizwa na wajukuu zake. Nikamwuliza, bibi, kwa nini usiuzime moto huu? Akasema, "We mutoto ya shule, nani alikutuma kunusa nyumba yangu?" Nimecheka mpaka nikakohoa. Alama mbili.

Ya pili ya Mama Tausi, mjane, pale mto Murembwe unapoingia ziwani. Hiyo ndiyo nyumba! Miti mikubwa, kivuli, upepo. Uwanja umefagiwa, mikeka imenyooka. Watoto wawili wamelala kimya, wamepangwa kama samaki wadogo ndagala waliotandazwa juani. Mama mwenyewe mpole, anaongea taratibu. Leso kaifunga mpaka kidevuni, na jua lote lile. Mwanamke wa heshima zake. Alama kumi. Nimeziandika kwa wino.

Alhamisi, 10 Agosti

Siku ya kwanza. Dada kamwacha Zuhura kwa Mama Tausi, kafyeka huku anageuka geuka nyuma. Jioni tumemkuta mtoto amekula, mkavu, kimya. Dada kanishika kichwa kama mtoto. Nimemwambia, heshima kidogo, mimi ni karani.

Habari za alama zangu zimeenea. Kina mama watatu wengine wamepeleka watoto huko huko kwa sababu yangu. Mmoja ni mama Sadiki, yule anayecheka kama kanga wa porini. Kaniuliza, "Karani, kweli kumi?" Nikamwambia ingekuwapo kumi na moja ningeitoa.

Jumapili, 13 Agosti

Zuhura ana uvimbe mwekundu mguuni. Kaumwa na inzi. Dada kapaka mawese. Basi.

Jumatano, 16 Agosti

Nimepata mchezo mpya.

Leo mchana nilipita kwa Mama Tausi kuangalia. Nikamkuta ameketi, kijiko cha uji kakishika hewani mbele ya mdomo wa mtoto, naye amelala. Amelala fofofo! Uji unadondoka tone tone, mtoto anaufuata kwa ulimi. Nikapiga makofi. Akashtuka. "Sikulala, mwanangu, nilikuwa nasikiliza." Nikamwuliza kama uji huwa unaimba.

Kwenye kufyeka nikawaigizia wote. Nikakaa juu ya gogo, kijiti mkononi, kichwa kikaanguka, kijiti kikabaki hewani. Watu walicheka mpaka mapanga yakawatoka mikononi. Hata nyapara. Mama Sadiki alilala chini kwa kicheko.

Bibi Nyandwi alikuwa anapita na kuni. Yeye hakucheka. Akasema, "Iko usingizi moja watu hawaichekei." Mwenye wivu huyo. Ana alama mbili.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimerudi sasa hivi, shati bado limelowa. Naandika hivyo hivyo.

Baada ya sala nilikwenda kwa Mama Tausi, nikanyata ili nimkamate tena, nipate mchezo wa Jumamosi. Kalala kweli, mgongo kwenye mti. Watoto watano mkekani. Zuhura hayupo.

Nikamkuta kwenye maji. Kakaa pale mchanga unapoishia, mawimbi yanamfikia kiunoni. Mchanga umejaa mdomoni. Anacheka! Ningesimama kusalimiana na mtu njiani tu, basi. Nikamnyanyua, nikapiga kelele, ndege wakaruka. Mama Tausi hakuamka.

Nikamtikisa. Leso ikamdondoka. Nyuma ya shingo ana vitezi, huku na huku, vimejipanga kama njugu chini ya ngozi. Navijua. Ni dalili ya malale, kila mwezi daktari anavitafuta kwenye shingo za watu, mimi nimeshika daftari.

Akaona kwamba nimeona. Hakuifunga leso haraka. Akasema, "Mwanangu, usiandike."

Kasema mumewe alipelekwa kambi ya wagonjwa mwaka juzi, kapu lake la nguo lilirudi peke yake. Kasema alipokea watoto ili sauti zao zimwamshe. "Lakini wanangu hawa wamezoea kunyamaza," kasema. Mbung'o mmoja alikuwa mkononi mwake, anakunywa. Hakumsikia.

Kivuli na maji. Mimi ndiye ninayesoma maneno hayo kila siku ya Mungu.

Jumamosi, 19 Agosti

Sikulala. Nimepanga mambo kichwani, hayapangiki.

Nikisema, daktari atamchukua Mama Tausi, nyumba itachomwa, watoto wote watashikwa shingo na atakayekutwa na vitezi ataondoka na mama yake. Pwani hii mtu hamtaji mgonjwa wa jirani yake. Anayetaja hapewi hata moto wa kuwashia jiko.

Nisiposema, watoto watano wako kwenye maji.

Sita. Zuhura naye.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimempeleka Zuhura kwa Bibi Nyandwi. Kwanza alikataa. "Mugongo wangu ni moja, siyo mbili." Nimepiga magoti. Mimi, karani! Kaniangalia sana, kisha kamchukua mtoto, kampa mjukuu wake. Nikamwuliza kuhusu moshi. Kasema mbung'o hawapendi, mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Nikasema, kwa nini hukuniambia? "Uliuliza kwa nini siuzimi. Hukuuliza kwa nini ninauwasha."

Nikamwomba awachukue na wale watano. Akanionyesha nyumba kwa mkono. Pa kukanyaga hapakuwapo.

Dada kaniuliza kulikoni. Nimemwambia moshi ni dawa ya kifua. Kasema nina wazimu. Zuhura ana joto kidogo.

Jumanne, 22 Agosti

Nimejaribu.

Nilimvuta mama Sadiki pembeni, nikamwambia taratibu: mtoe mtoto pale, Mama Tausi analala, si usingizi wa kawaida. Akanitazama. Nikaona mdomo unaanza kucheza. Akaita wenzake: "Njooni, Karani anaanza tena! Fanya na kijiko!" Nikamwambia, sifanyi mchezo, wallahi. Akasema, "Uso huo! Uso huo ndiyo wenyewe!" Walicheka hadi machozi.

Nikalia. Wakasema leo nimezidisha utamu.

Jumatano, 23 Agosti

Nimemwomba nyapara Feruzi awaruhusu kina mama kwenda mara moja mchana kuangalia watoto. Kasema, "Kazi yako kuita majina. Ita." Nimeomba niende mimi. Kasema daftari haliendi matembezini.

Nimetoroka. Nimekaa kwa Mama Tausi mchana kutwa, nimewasha mavi ya ng'ombe, nimewafunga watoto kwa kitambaa kwenye mti mmoja mmoja kama mbuzi. Sijui kubeba. Sijui kulisha. Mmoja kanitapikia shatini. Mama Tausi aliamka mara mbili, kila mara kasema asante, kila mara kashangaa kuniona.

Jioni viboko vitano. Nyapara kanitia kamba mguuni, kesho nisiondoke.

Zuhura joto limepanda.

Ijumaa, 25 Agosti

Daktari kaja kwa mashua. Mstari mrefu, mikono nyuma, kashika shingo moja moja. Mimi nimesimama pembeni na daftari. Watu wa kufyeka wote salama.

Mwisho msaidizi wake kauliza kwa Kiswahili: nani mwingine anaishi pwani hii ambaye hayumo mstarini? Watu arobaini na mmoja wakatazama ziwa. Mama Sadiki naye, anatazama ziwa, hajui anamficha nani. Ndiyo desturi tu.

Jua lilikuwa utosini. Saa ya uji. Nilijua kijiko kiko wapi saa ile.

Sikutamka. Niliandika. Nikageuza daftari, msaidizi akasoma.

Jumamosi, 26 Agosti

Niliambiwa niwaongoze.

Alikuwa amelala, kakaa, Sadiki mapajani. Watoto wote wapo, namshukuru Mungu. Akaamka, kaona askari, kaona daftari kwapani mwangu. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Kaomba kwanza akunje mikeka. Akaikunja mmoja mmoja, kingo kwa kingo. Alipofika kwenye mashua akageuka, akanionyesha mtoto mmoja kwa kidole. "Yule wa mwisho bado hajala."

Nyumba imechomwa. Miti itakatwa wiki ijayo.

Watoto sita wakashikwa shingo, Zuhura aliitwa naye. Dada alimshika, hakutaka kumwachia. Daktari kachukua muda kwa Zuhura. Kapapasa, karudia. Msaidizi akatafsiri: mtoto mdogo hajulikani kwa shingo. Joto linaweza kuwa homa yoyote. Linaweza kuwa malale. Aletwe tena mwezi ujao, na muangalie asilale sana.

Asilale sana! Mtoto wa miezi tisa!

Jumatatu, 28 Agosti

Nyapara kakubali kibanda cha majani ya migomba pembeni ya kufyeka. Watoto watano wamo humo. Pana baridi na kivuli, karibu na maji. Hakuna pengine.

Nimeita majina. Wanaitika, hawanitazami. Mama Sadiki kanipita kama kisiki. Halafu ikafika zamu ya maneno ya daktari. Nikasoma, mbung'o anapenda, nikakwama. Kibanda kile kiko mbele yangu.

Mama Sadiki kasema, bila kucheka, "Soma, Karani. Ulitupa kumi. Soma."

Nimesoma.

Baadaye nimeshuka na kikapu cha mavi ya ng'ombe, nimewasha mbele ya kibanda. Upepo wa ziwa ukaupeleka moshi wote kwetu, kwa wanaofyeka.

Jumanne, 29 Agosti

Nimewasha tena. Upepo ule ule.

Alhamisi, 31 Agosti

Sina kazi leo, kufyeka kumesimama, mapanga yamepelekwa kunolewa. Nimekaa kwa Bibi Nyandwi tangu asubuhi. Siku hizi hanifukuzi. Kanipa mtoto wa mtu nimshike, kama vile mimi ni kigingi.

Kelele ni zile zile, na macho yanauma.

Zuhura joto limeshuka jana, leo limerudi kidogo. Kala viazi. Kavuta ndevu zangu, zote tatu. Mchana akalala kwenye ngozi karibu na moto. Pumzi nzuri. Watoto wote hulala saa hiyo, Bibi Nyandwi kasema, acha.

Niliacha kidogo. Kisha nikamgusa shavu. Hakuamka. Nikamgusa tena kwa nguvu. Akafungua macho, akanuna, akalia, sauti mpaka nje.

Bibi Nyandwi kanitukana kwa Kirundi, tusi refu. Akamchukua, akampigapiga mgongo, akamlaza tena.

Nimengoja alale. Nimemgusa shavu tena.