Nilikata Bima kwa Nani?

Likoni, Jumatano, Juni 1991

Cherehani zangu nne ziliteketea Machi, na hadi leo sijalipwa hata bei ya sindano.

Leo karani wa bima kanambia, "Mama, ngoja kidogo. Na sisi tumejikatia bima kwa kampuni kubwa ya ng'ambo. Hawajatujibu."

"Mwanangu, mimi nilikata kwako. Mke chakula humdai mumewe, au mjomba wa mumewe?"

Ofisi nzima ikacheka, hata meneja. Lakini mafundi wangu wamekaa bure, na mmoja keshaanza kuulizia kazi kwengine.

Kesho nawapelekea hao wa bima cherehani moja iliyoungua, niitue juu ya kaunta yao nyeupe, masizi na yote. Haiondoki. Saa nne kamili nataka neno moja tu: mwalipa, au hamlipi?