Dada Ng'ambo ya Mto, Mkataba Mezani

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imekatika alfajiri. Daraja limekwenda na maji – lote, hadi nguzo. Dada kapiga simu kutoka zahanati yake ng'ambo ya mto. Yeye ndiye mkunga pekee kule. Hospitali kubwa iko huku kwetu. Nikamuuliza anahitaji nini. Akanijibu, wewe umekula? Tangu mama atutoke ndivyo alivyo.

Jumatano, 6 Machi
Kikao wizarani tangu saa mbili: fedha za daraja zitoke wapi. Mimi ndiye ninayeandaa malipo ya madeni ya serikali, basi macho yote kwangu. Fungu la maafa lilikaushwa na ukame wa mwaka jana. Zilizobaki ni fedha za kulipa mkopo wa nje, awamu ya Ijumaa. Mkurugenzi hakufoka. Alisema taratibu: tukichelewa hata siku moja, mkopo ujao utakuja na riba ya kutuvunja mgongo. Ni kweli. Niliitikia kwa kichwa, na moyo uko ng'ambo.

Alhamisi, 7 Machi
Sikutoka kwenda kula. Nimesoma mkataba mzima, maandishi madogo kama sisimizi. Kifungu cha 19 – nchi ikikumbwa na mafuriko inaweza kuahirisha awamu kwa miaka miwili, bila adhabu. Bila adhabu! Sharti: barua yenye saini ya waziri iwafikie wakopeshaji kabla ya saa ya malipo.

Mkurugenzi kasoma mara mbili, akavua miwani. Wakopeshaji wengine watasema tumefilisika, alisema. Nikamwambia, dada yangu yuko kule. Sikukusudia kuyasema hayo ofisini. Akavaa miwani tena. Kisha: andika barua, nitaipeleka mwenyewe.

Jioni dada anasema wamemvusha mjamzito kwa mapipa na kamba. Kafika salama. Yupo mwingine, wa mapacha, hatafika Jumapili bila kujifungua. Habari za kifungu sikumwambia. Niliogopa kumpa tumaini la kukopa.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne. Malipo ni saa sita. Mkurugenzi kakaa kwenye benchi nje ya mlango wa waziri kama mgonjwa anayengoja zamu. Mimi mezani. Hati ya malipo iko tayari, inangoja saini yangu tu.

Saa tano na robo. Dada kapiga. Uchungu wa mapacha umeanza, mmoja kakaa vibaya, na mto umefura tena, hapavukiki. Sauti yake imetulia mno – ndivyo anavyokuwa akiogopa. Kaniomba nisikate simu. Miaka yote hii, hajawahi kuniomba kitu. Nimeilaza simu hapa mezani. Nasikia akimwambia yule mama, vuta pumzi, mwanangu, polepole. Navuta nami.

Saa sita kasoro tano. Mkurugenzi hajarudi. Simu ya ofisi inalia – benki, wanataka hati. Kule kwa dada kimya, kisha kilio kimoja, chembamba. Bado mmoja.

Simu ya ofisi inalia tena. Naiacha ilie.