Safari ya Ijumaa ya Bwana Arasa

Chepseon, 2 Mei 1971

Kwa Yunia, mtoto wa dada yangu,

Salamu nyingi kama majani ya chai tunayochuma huku. Mimi mzima isipokuwa mgongo. Wewe je, na baridi ya Nairobi?

Hapa kambini hakuna asiyejua kwamba unapiga taipu kwa Bwana Arasa, mwenyekiti wa redio. Nimewaambia tulitahiriwa siku moja, yeye akatetemeka, mimi nikamshika mkono. Kiarie wa kantini sasa ananipa chai bure. Je, ni kweli Waziri amewanyima pesa?

Mjomba wako, Mosoti


Nairobi, 8 Mei 1971

Mjomba mpendwa,

Pole kwa mgongo. Nisalimie mama Gesare. Mimi sijambo.

Ni kweli. Waziri aliandika barua akitaka taarifa ya habari ipite kwake kwanza. Bwana Arasa akakataa, pesa zikazuiwa. Gari lake halina hata tairi ya akiba. Jumatatu tarehe 17 ataipeleka barua ya Waziri mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge. Kabla ya hapo, Ijumaa, anakuja peke yake kumwona mama yake aliyelazwa Kaplong. Nakuambia wewe tu, ili gari likikwama huko apate mtu. Usimwambie yeyote.

Mpwa wako, Yunia


Nairobi, 23 Mei 1971

Mjomba,

Natumaini nyinyi mko salama. Sisi hatuko.

Mmesikia. Gari lilikutwa bondeni katikati ya chai, yeye amekufa, mkoba wenye barua haupo. Wanasema ni ajali. Mke wake, mama Beldina, anauliza nani aliijua safari ile. Ofisini niliijua mimi peke yangu.

Mjomba, ulimwambia mtu?

Mpwa wako, Yunia


Chepseon, 30 Mei 1971

Kwa Yunia,

Salamu. Huku wazima wote.

Nimwambie nani? Mimi kwa vita vya Bama Wajapani walinining'iniza miguu juu siku tatu, sikutaja hata jina la kapteni. Barabara ile ina kona mbaya. Wacha kujisumbua.

Mjomba wako, Mosoti


Nairobi, 20 Juni 1971

Mjomba,

Habari za huko? Za huku si nzuri.

Nimesimamishwa kazi. Matangani mama Beldina alinifukuza mbele ya watu: "Wewe ndiye uliyemuuza."

Na bado ni sauti ya Bwana Arasa inayofungua stesheni kila alfajiri, maana hakuna pesa ya kurekodi nyingine. "Habari za asubuhi, ndugu msikilizaji." Wahu, ninayeishi naye, hujibu "nzuri", halafu anakumbuka.

Mpwa wako, Yunia


Chepseon, 4 Julai 1971

Yunia,

Huku pia tunaamka naye. Redio yangu nimeuza, lakini nyumba zetu za laini zimeshikana, ni ukuta mmoja, na majirani wote wanafungua pamoja. Ananisalimu kutoka pande zote mbili. Mama Gesare anauliza kwa nini nalala na blanketi kichwani.

Wajapani hawakunining'iniza. Bama nilikuwa mpishi. Na Bwana Arasa sijapata kumwona hata siku moja.

Jumatano ile kabla ya safari, watu wawili wenye Peugeot waliingia kwa Kiarie. Mmoja akacheka: "Mzee, mchuma chai kama wewe utamjulia wapi mwenyekiti?" Nikaona aibu mbele ya watu. Nikasema Ijumaa anakuja Kaplong, peke yake, na kwangu lazima apite. Wakaacha kucheka. Wakauliza saa ngapi. Saa sikujua, nikabuni: saa moja jioni.

Gazeti limeandika alianguka saa moja jioni.

Mpelekee mama Beldina barua hii. Jumamosi nakuja mwenyewe. Wale watu nikiwaona nitawajua, na hayo nitayasema popote atakaponipeleka.

Sitaandika "mjomba wako" mpaka wewe uniite.

Mosoti Nyaberi, namba 614, kambi ya pili